SINDANO YA KULEGEZA MWILI: TUELEZWE KWANZA, SAHIHI BAADAYE

Ndugu Wanachama,

Katika kurasa hizi tumeandika mengi juu ya mishahara, viatu na nyumba, na tutayaandika tena kwa kuwa hayajaisha. Lakini leo nataka mniruhusu niseme juu ya jambo ambalo sijapata kulisikia likiletwa mbele ya mkutano wa tawi lolote, nalo lamhusu kila mmoja wetu siku atakapolazwa juu ya kitanda cha kupasuliwa. Jambo lenyewe ni hii sindano ya kulegeza misuli.

Nasema wazi tangu mwanzo ili asitokee mtu wa kunipotoa. Siipingi dawa hiyo, wala siwapingi madaktari. Dawa ile imeokoa watu wengi, na bila yake operesheni nyingi za tumbo na za kifua zingekuwa taabu kubwa. Ninalolipinga ni hili: mtu mzima, mwenye akili zake, mlipa kodi, anatiwa mwilini dawa itakayomnyang'anya pumzi yake kwa muda, na hakuna aliyemwambia. Ameletewa karatasi ya Kiingereza, akaonyeshwa kwa kidole mahali pa kutia sahihi, na ikiwa hajui kuandika dole gumba lake likachovywa wino, basi, yamekwisha. Hiyo ndiyo mnayoiita ridhaa?

Wengi wetu twadhani ya kwamba nusu kaputi ni dawa moja tu: unadungwa, unalala, unaamka umeshonwa. Sivyo. Mara nyingi ni dawa tatu zenye kazi tatu. Moja yaleta usingizi. Ya pili yaondoa maumivu. Ya tatu ndiyo hii yetu, na kazi yake ni kulegeza misuli yote tunayoitumia kwa hiari: ya mikono, ya miguu, ya tumbo, ya koo, ya kope za macho, na ile ya kifuani inayovuta pumzi. Moyo hausimamishwi na kulegea huko, wenyewe waendelea kupiga. Dawa hupigwa katika mshipa wa damu, na kwa kawaida hupigwa mtu akiwa amekwisha lala. Iko ya haraka iitwayo saksamethoniamu, ambayo hushika kwa muda wa dakika moja hivi na kwa watu wengi huisha baada ya dakika chache. Misuli hutetemeka kidogo kwanza, kisha ikalegea. Ziko na nyingine, kama atrakuriamu, vekuroniamu na rokuroniamu, ambazo hukaa nusu saa au zaidi, kwa kadiri ya kipimo.

Kwa nini wailegeze misuli? Kwanza, ili mpira wa kupumulia upitishwe kooni mpaka ndani ya bomba la pumzi pasipo koo kujikaza. Pili, tumbo likikaza kama ngoma, mpasuaji hawezi kufika alikokusudia. Kila fundi anajua ya kuwa nati iliyoshikwa na kutu haifunguki kwa nguvu tu, hulegezwa kwanza. Hapo hatuna ugomvi. Tena si kila operesheni ina sindano hii. Akina mama wengi wanaojifungua kwa kupasuliwa, na watu wengi wa mshipa, yaani ngiri, hupigwa sindano ya mgongo, wakafa ganzi kutoka kiunoni kwenda chini, na hupumua wenyewe. Hayo nayo mgonjwa hana budi kuyajua, maana pengine anayo nafasi ya kuchagua.

Lakini kwa yule anayelegezwa, tangu dakika ile, ndugu yangu, wewe hupumui. Unapumuliwa. Kuna mtu amesimama upande wa kichwa chako, anakamua mfuko wa mpira kwa mkono wake, au anaiangalia mashine ikikusukumia hewa, na uhai wako uko katika macho na mikono ya mtu huyo. Mpasuaji ndiye unayemjua jina, ndiye utakayempelekea kuku ukipona. Huyu wa kichwani pengine hujapata kuuona uso wake.

Sasa neno kubwa kuliko yote, ambalo nataka kila msomaji alishike hata akiyasahau mengine. DAWA HII HAILETI USINGIZI, WALA HAIONDOI MAUMIVU. Hulegeza, basi. Mtu angepewa hii peke yake angelala kimya kama maiti, macho yamefumba, na ndani yake angekuwa anasikia kila kitu.

Haya si maneno ya barazani. Asili ya dawa hizi ni sumu ya mishale ya wenyeji wa misitu ya Marekani ya Kusini, iitwayo kurare. Kwetu sisi sumu ya mishale si kitu kigeni. Wazee wetu wa Kimijikenda wameujua msunguti tangu zama. Lakini sumu ya msunguti huua kwa kuushika moyo, na kurare yauacha moyo ikaishika misuli, na mnyama hufa kwa kukosa pumzi. Tofauti hiyo ndiyo iliyofungua mlango. Mwaka 1814 Mwingereza Charles Waterton na wenzake walimdunga punda sumu ile, wakamtoboa koo, wakampulizia hewa kwa mivukuto kama ya mhunzi mpaka sumu ikaisha nguvu. Punda akainuka. Akaishi hata mwaka 1839, akila majani bila ya kubeba mzigo, ndiyo kusema punda yule alipata pensheni ambayo wafanyakazi wengi wa ulimwengu huu hawajaiona. Kisha, katika miaka ya 1850, Mfaransa Claude Bernard akaonyesha mahali sumu inaposhika: haikati mishipa ya fahamu wala haiharibu misuli, bali hukaa pale viwili hivyo vinapokutana, amri isipite. Sisi watu wa reli tutaelewa upesi. Waya ni mzima, mkono wa signali ni mzima, lakini kuna mtu ameziba nta katika tundu la ufunguo.

Tarehe 23 Januari 1942, mjini Montreal huko Kanada, Harold Griffith na msaidizi wake Enid Johnson waliitumia dawa ya kurare katika operesheni ya kidole tumbo, na tangu hapo ikaenea duniani. Hata hivyo walibaki madaktari waliodhani ya kwamba labda dawa yenyewe humpumbaza mgonjwa. Basi Mmarekani mmoja, Daktari Scott Smith, akajitoa mhanga. Alidungwa kurare nyingi pasipo dawa yoyote ya usingizi, hata hakuweza kusogeza ukope, huku wenzake wakimpulizia hewa. Nguvu zilipomrudia akaeleza yote: akili yake haikupotea, alisikia waliyoyasema, alihisi walipomgusa na walipomuumiza. Habari hiyo ilichapwa mwaka 1947. Tangu mwaka huo hakuna daktari awezaye kusema hakujua.

Na bado yalitokea. Mwaka 1985, mjini Washington, mtoto mchanga aliyezaliwa kabla ya wakati alipasuliwa kifua, naye alipewa dawa ya kulegeza peke yake, bila ya dawa ya maumivu. Baadaye mtoto akafariki. Mama yake alikuja kuyajua hayo baada ya operesheni, alipoitafuta habari katika maandishi ya hospitali. Siku hizo madaktari wengi waliamini ya kwamba mtoto mchanga hasikii maumivu kama mtu mzima. Mama hakunyamaza. Aliandika, akauliza, akawasumbua wakubwa, na mwaka 1987 uchunguzi wa wataalamu wenyewe ukawa upande wake, na desturi ile ikaanza kuachwa. Hebu fikirini: kama angeelezwa dawa kwa majina yake na kazi zake kabla ya kutoa idhini, je, asingeuliza, "Na ya maumivu iko wapi?" Mama yeyote wa Msambweni angeuliza hivyo hivyo. Swali hilo halitaki Chuo Kikuu.

Sitaki kuwatisha watu bure, kwa hiyo nitatoa hesabu kama zilivyo. Madaktari wa usingizi wa Uingereza na Ireland walifanya uchunguzi mkubwa na kuutangaza mwaka 2014. Walikuta ya kwamba wagonjwa walioripoti kuamka katikati ya operesheni walikuwa kama mmoja katika kila 19,000 waliolazwa kwa nusu kaputi. Ni wachache. Lakini walipowatenga waliopewa dawa ya kulegeza, ikawa kama mmoja katika 8,000, na kwa wasiopewa, mmoja katika 136,000. Kwa akina mama waliopasuliwa kujifungua chini ya nusu kaputi, ikawa mmoja katika 670. Mbona tofauti kubwa namna hiyo? Kwa sababu mtu asiyelegezwa, usingizi ukipungua, hukunja mkono au hujisogeza, na mara huongezewa dawa. Aliyelegezwa hana ishara. Signali yake imefungwa kamba. Hizo ni hesabu za kule, kwenye mashine nyingi na watu wa kutosha, tena ni za wale waliofungua midomo.

Kwetu nani atafungua mdomo? Mtu wa pwani akiamka na kumbukumbu ya namna hiyo, ya kusikia sauti na kushindwa kunyanyua hata kidole, atasema nini? Atasema alikabwa na jinamizi. Shangazi zake watasema ni pepo. Atafukiziwa ubani, atasomewa, atapelekwa kwa mganga ng'ambo ya mto, na fedha zitakwenda. Hospitali haitapata habari, na mtu wa dawa ya usingizi hatajua ya kuwa kipimo chake siku ile kilipunguka. Mgonjwa naye ataogopa hospitali maisha yake yote, na siku ya kurudi hatarudi. Kumbe lau angeambiwa kabla, "Ni nadra sana, lakini likitokea si ndoto wala si jini, tuambie," angesema asubuhi yake, na angesikilizwa.

Nawapa na jambo dogo, ambalo nimelishuhudia mwenyewe. Mwenzangu mmoja wa genge, kijana mwenye nguvu, alipasuliwa katika hospitali ambayo sitaitaja. Kesho yake akaamka na maumivu shingoni, mabegani, mgongoni na mbavuni, kana kwamba amebeba mataruma kutwa nzima. Mahali alipokatwa hapakumuuma kama mabega. Akaamini kabisa ya kwamba alipigwa akiwa usingizini. Ndugu zake wakaja juu, kukawa na maneno makali mlangoni kwa nesi ambaye hata hakuwapo siku ile, na askari wa lango akaitwa. Miezi mingi baadaye nilimwuliza tabibu mmoja ninayemwamini, naye akacheka, akaniambia ya kuwa maumivu hayo ni kawaida ya saksamethoniamu, hasa kwa kijana anayeinuka mapema, na huisha baada ya siku mbili tatu. Sentensi moja! Sentensi moja kabla ya operesheni ingaliokoa ugomvi wote ule, na jina la nesi asiye na hatia.

Sasa yapo maneno ambayo wakubwa hutujibu tukiuliza. Husema, "Mkimweleza mgonjwa haya, ataogopa, atakimbia, atakufa nyumbani." Nimelisikia neno hili likisemwa kwa sauti ya huruma, na naliona ni dharau iliyovikwa shuka safi. Dereva wa gari la moshi, kabla ya kuondoka, hupewa karatasi ya tahadhari yenye kusema kilomita fulani njia imelegea, daraja fulani pita polepole. Huisoma, huielewa, ndipo hutia sahihi. Je, dereva hukimbia akaliacha gari stesheni? La. Huendesha vizuri zaidi. Ni nani aliyepata kuona dereva akitiishwa sahihi karatasi ya lugha asiyoijua, akaambiwa, "Usiulize madaraja, utaogopa"? Siku hiyo tungegoma wote, na tungekuwa na haki. Basi mtu yule yule, anayeaminiwa na roho za mamia ya abiria, akivuka Likoni kwenda kupasuliwa anageuka mtoto mdogo?

Hofu haiji kwa kuelezwa. Huja kwa kusukumwa juu ya kitanda cha magurudumu na watu waliofunika nyuso, usijue kinachofuata.

Wala hatuombi hisani. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya kupata afya ya kiwango cha juu kinachowezekana. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, yamwamuru mtoa huduma amweleze mgonjwa hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida zake, hatari zake, gharama zake, na haki yake ya kukataa. Tena amweleze kwa lugha anayoifahamu na kwa namna inayolingana na kisomo chake. Wenye kutunga sheria waliweka hapo neno "inapowezekana." Haya, na katika Kaunti ya Kwale, haiwezekani kumpata mtu ajuaye Kiswahili? Haiwezekani kumpata ajuaye Kidigo au Kiduruma? Wafagiaji wa hospitali wanavijua vyote vitatu. Na tangu Oktoba 2024 kila mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya bima ya afya ya jamii. Tunalipa mbele, kabla ya kuugua. Anayelipa nauli haoni haya kuuliza gari laenda wapi.

Hata hivyo, ndugu zangu, tukiwa watu wa Chama hatuna budi kuangalia pande zote. Huyu mtu wa usingizi mara nyingi si daktari bingwa, ni tabibu au nesi aliyesomea kazi hiyo. Naye ni mfanyakazi kama sisi. Mara nyingi yuko peke yake kwenye zamu. Amemaliza operesheni ya usiku, anaitwa ya alfajiri, na mgonjwa wa tatu amekwisha fikishwa mlangoni. Lini atakaa kitako aongee na mgonjwa jioni ya jana yake? Madaktari wetu waligoma siku 100 tangu Desemba 2016 mpaka Machi 2017, na manesi wakagoma miezi mitano mwaka huo huo wa 2017, na magazeti yakawatukana kana kwamba walidai dhahabu. Waliodai watu zaidi na vyombo zaidi walikuwa wakitudai sisi muda wa kuelezwa. Kwa hiyo asije mtu akalichukua karatasi hili akaenda nalo hospitali kumkaripia nesi. Anayestahili kuulizwa ni mwajiri, mwenye kuandika watu na kuagiza vyombo.

Na vyombo tuvitaje kwa majina. Kile kishikizo cha kidoleni kinachopima hewa ya damu. Mashine inayoonyesha pumzi inayotoka. Kile kidude kidogo kinachopigwa umeme mdogo kwenye kifundo cha mkono na kuonyesha kama misuli imerudi au bado, maana wako watu ambao huonekana wameamka na huku nguvu hazijarudi sawasawa. Kope nzito, waona watu wawili wawili, mate hayamezeki, pumzi fupi. Na dawa ya kuizindua misuli. Ile ya siku nyingi ni neostigimini, nayo huchanganywa na atropini ili moyo usipunguze mwendo. Ipo nyingine mpya zaidi, sugamadeksi, inayozindua upesi waliopewa rokuroniamu au vekuroniamu, lakini bei yake si ya maskini. (Akina mama wanaotumia vidonge vya kupanga uzazi waambiwe ya kuwa sugamadeksi hupunguza nguvu ya vidonge hivyo, wajilinde kwa njia nyingine kwa siku 7 baadaye. Hilo nalo nani huliambiwa?)

Nikiisha kuwasema wakubwa, niwaseme na wenzangu, maana sisi nasi tu hodari wa kuficha. Tumeambiwa tusile, nasi twala chapati mbili gizani kwa kuwa "njaa si kitu cha kuanzia safari." Ndugu, mtu akilala usingizi ule hawezi kukohoa wala kumeza; chakula kikipanda kutoka tumboni huingia mapafuni, na huo waweza kuwa mwisho wake. Saa sita bila chakula, saa mbili bila hata maji, isipokuwa ukiambiwa vingine na hospitali. Mnazi ni chakula. Miraa semeni. Dawa za mganga semeni, hakuna atakayewafunga. Meno ya bandia toeni.

Liko na jambo la ukoo. Wako watu ambao damu yao imepungukiwa na kitu cha kuivunja saksamethoniamu, na mtu wa namna hiyo, badala ya dakika chache, hulegea kwa saa kadhaa. Hafi akiendelea kupumuliwa, lakini lazima wajue. Jambo hili hurithiwa kutoka kwa baba na mama wote wawili, na sisi wa pwani tunaooana binamu kwa binamu lafaa tulijue zaidi ya wengine. Kama kaka yako, mama yako au mtoto wa ami yako alichelewa mno kupumua mwenyewe baada ya operesheni, au alifariki mezani kwa homa kali ya ghafula, SEMA. Usiseme ni siri ya nyumba. Kama wewe mwenyewe ulivimba, ukapata vipele au ukaishiwa pumzi kwa sindano fulani, sema, maana dawa hizi za kulegeza zimo katika zile zinazosababisha mzio mkali wakati wa operesheni. Aliyeungua moto siku zilizopita, aliyevunjika uti wa mgongo, aliyelala kitandani wiki nyingi bila kutembea, wote hao saksamethoniamu yaweza kuwapandishia chumvi ya potasiamu katika damu ghafula mpaka moyo ukasimama. Wenzetu wa kuchomelea vyuma walisikie hilo. Na wenzetu wa mashambani wanaonyunyiza dawa za wadudu waseme wanachonyunyiza, kwa kuwa baadhi ya sumu hizo huifanya dawa hii ikawie mwilini.

Mnaona basi? Kueleza si njia moja. Mgonjwa akiulizwa kwa lugha yake, naye hueleza, na kile alichokieleza ndicho kinachomwokoa. Anayemnyima mgonjwa maneno hujinyima mwenyewe habari.

Ninachokidai ni kidogo. Karatasi moja, upande mmoja, kwa Kiswahili, na nakala za Kidigo na Kiduruma, iwekwe katika kila hospitali ya Kaunti inayopasua watu, kutoka Msambweni hadi Kwale na Kinango, na hospitali za watu binafsi za Diani nazo zisijifiche. Isomwe kwa sauti kwa asiyejua kusoma, jana yake, si mlangoni mwa chumba cha kupasulia. Maneno yake yaweza kuwa haya: "Utapewa dawa ya usingizi na dawa ya maumivu. Ukiwa umelala huenda ukapewa dawa ya kulegeza misuli. Dawa hiyo itasimamisha pumzi yako, nasi tutakupumulia mpaka iishe. Fulani ndiye atakayekaa nawe muda wote, na huyu hapa. Ukiamka waweza kuumwa na misuli siku mbili tatu, au koo kukwaruza. Kabla hatujakutoa tutahakikisha nguvu zimerudi. Ukikumbuka jambo lolote la wakati wa operesheni, tuambie. Sasa tuambie wewe: umepata kupasuliwa? Kuna wa ukoo wako aliyepata taabu? Umekula nini, saa ngapi?" Ndipo mahali pa sahihi. Na yule aliyepata taabu ya dawa fulani apewe kadi yenye jina la dawa hiyo, aiweke pamoja na kitambulisho chake, ili siku akianguka Voi au Nairobi wasianze upya.

Gharama yake? Karatasi na wino. Hili jarida mnalolisoma tunalipiga chapa kwa fedha za michango yenu, na mashine yetu mnaijua ilivyo. Kama Kaunti haina uwezo, na watuletee maneno yaliyokwisha pitiwa na matabibu wao, sisi tutapiga nakala za kwanza mia tano.

Ndugu Katibu wa Tawi, naomba jambo hili liandikwe kuwa hoja katika mkutano ujao, tuchague watu watatu wa kwenda kuonana na wakubwa wa afya wa Kaunti, na mmoja wao awe mama, na mmoja awe ajuaye Kiduruma. Tena naomba lisiwekwe mwisho baada ya "mengineyo," wakati watu wamekwisha simama kuwahi feri.

Mwanachama wenu,
Mfanyakazi wa Njia, Msambweni